Mabenchi ya Kanisa la Viziwi

Baba yangu alikuwa seremala, na watu walimwita Mzee Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka mfukoni. Sokoni alikwenda nayo, hospitali alikwenda nayo, na Jumapili ilituna kwenye mfuko wa koti lake la kijivu mpaka Mama akachoka kumsema. Ukimkaribisha kwako, kabla hajashika kikombe cha chai alikuwa ameshaangalia miguu ya meza. Kama meza inacheza, hakusema neno. Alikunja kipande cha karatasi, akakisukuma chini ya mguu mmoja, kisha akanywa chai yake kwa amani.

Karakana yake ilikuwa nyuma ya nyumba, chini ya paa la mabati, na mimi binti yake nilijua harufu ya gundi kabla sijajua kusoma. Maranda yalijaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Sisi watoto tulijilaza juu yake mchana, tukaamka na vumbi la mbao limetuganda mashavuni, na Mama akatufukuza bombani tukanawe. Hata leo nikipita mahali wanapopiga randa nasimama kidogo barabarani, na watu hudhani nimesahau kitu. Sijasahau chochote, na hiyo ndiyo shida yangu.

Katika dini Baba alikuwa mtu wa msumari. Akishapigiliwa mahali hang'oki. Alikuwa mzee wa kanisa, na mabenchi yote ya kanisa letu aliyatengeneza kwa mkono wake, marefu, yenye egemeo la juu, yamenyooka kama mstari wa daftari. Kisha akayafunga sakafuni kwa skrubu ili yasiburuzwe. Alisema kanisa ambalo mabenchi yake yanatembea, waumini wake nao watatembea. Nyumbani sala yake ya chakula ilikuwa ndefu kiasi cha kupoza supu, na ole wako ufumbue jicho kabla ya amina. Siku moja kaka yangu alimuuliza amejuaje kwamba mtu amefumbua, ikiwa yeye mwenyewe amefumba. Alijibiwa kwa kuvutwa sikio, na swali lile halikuulizwa tena.

Tuliishi na Bibi, mama yake Baba. Zamani Bibi alikuwa mwanamke wa maneno, ana utani na kila mtu, na kwenye kwaya ya kina mama yeye ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo. Babu alipofariki, akazima. Mwanzoni tulisema ni majonzi, yatapita. Hayakupita. Aliacha kwaya, akaacha kanisa, kisha akaacha hata kukaa nasi sebuleni. Alishinda chumbani kwake kwenye kiti kilichoelekea dirishani, mlango ameurudisha nusu, akishona vifungo ambavyo havikuwa vimekatika. Mezani alikuja, akala kimya, akashukuru, akaondoka.

Masikio yake yalikuwa mazito tangu siku nyingi. Hilo tulilijua, na dawa yetu ilikuwa moja tu, kupaza sauti. Ukimpigia kelele alitabasamu na kuitikia kwa kichwa. Ukimwambia mvua inakuja, aliitikia. Ukimwambia wageni wanakuja, aliitikia vilevile. Lakini mtoto akianguka uani, Bibi ndiye wa kwanza kutoka, kwa hiyo majirani wakasema ana masikio ya hiari, anasikia anachokitaka. Hakuna aliyefikiri kwamba kile kiti chake kilikuwa kinatazama uani. Wazee wa kanisa walikuja kumshauri arudi kundini, wakakaa naye alasiri nzima. Aliwapa chai, akaitikia kila walichosema, na Jumapili hakuonekana. Wakahitimisha kwamba mama huyu amemkasirikia Mungu kwa kuchukuliwa mumewe.

Jambo hili lilimla Baba. Alikuwa mtoto wa pekee, na kila alipotoka karakana alipitia kwanza chumbani kwa mama yake, akasimama mlangoni, akapaza salamu, akaitikiwa, akabaki pale hajui aongeze nini. Nilimsikia akimwambia Mama jikoni, "Baba nimemzika, nimekubali. Lakini Mama naye naona anaondoka, na amekaa kitini." Mama akamwambia aombe. Akasema anaomba mpaka magoti yamefanya sugu. Alitaka kitu kimoja tu, mama yake arudi kuwa mtu wa nyumbani kabla hajafa.

Ni wakati huohuo kanisa lilipoamua kupeleka watu misheni nchi nyingine. Kulikuwa na kanisa dogo huko, lenye shule pembeni, na waumini wake karibu wote walikuwa viziwi. Walihitaji muuguzi, mwalimu na seremala, kwa sababu walikuwa wamejengewa kanisa jipya ambalo ndani hamkuwa na kitu cha kukalia. Mchungaji alimtaja Baba mbele ya watu wote, na watu wote wakageuka kumtazama, na shingo ya Baba ikarefuka ndani ya kola. Nyumbani ikafupika tena. Akasema haendi, akirudi hatamkuta mama yake. Mama ndiye aliyemsukuma. Alimwambia kukaa kwake hapa hakujamponya Bibi, labda kuondoka kwake kutamponya mtu mwingine.

Basi akaenda kumuaga Bibi. Alipaza sauti mpaka jirani akachungulia. Bibi akaitikia, akamwekea mkono kichwani, akambariki vizuri sana. Baba akatoka anafuta macho, ametulia kwamba ameruhusiwa.

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Zile wiki za kujiandaa Baba hakuwa mtu wa kukaa naye karibu. Alikuwa anakwenda kuwasaidia, anakwenda kuwaonyesha, anakwenda kuwapa. Alichukua vipimo vya mabenchi yetu ili akayatengeneze vilevile. Mwalimu aliyekuwa asafiri naye, ambaye alijua kidogo lugha ya mikono, alimshauri angoje kwanza afike aone wenzao wanavyoabudu. Baba akamjibu, "Kwani kiziwi anakalia masikio?" Jibu lile lilichekesha kanisa zima, na Baba akalirudia kwa kila aliyekuja kumuaga.

Mambo ya huko aliyasimulia yeye mwenyewe baadaye, mara nyingi, na kila mara Mama aliongeza chumvi kidogo kana kwamba alikuwepo. Nayasimulia kama yalivyonikaa.

Walipokelewa vizuri. Kiongozi wa kanisa lile alikuwa mwinjilisti mwanamke, mtu mzima, mwembamba, kiziwi tangu utotoni, anayetembea haraka kama mtu aliyeacha chungu jikoni. Alimpa Baba funguo za kanisa, akamwonyesha mbao zilizorundikwa ukutani, akamwacha. Baba alifanya kazi kwa raha zake. Jumapili za mwanzo waliabudu uani, wamesimama au wamekaa chini ovyoovyo, na Baba akawa anawahurumia, akisema moyoni kwamba wangojee tu, watakaa kama watu. Uani hapo ndipo alipoaibika mara ya kwanza. Mwinjilisti aliinua mikono kuomba, na Baba, kwa mazoea yake, akafumba macho akainamisha kichwa. Akangoja amina. Akangoja sana. Alipofumbua, sala ilikwisha zamani, watu wamekaa chini wote, na yeye amesimama peke yake katikati kama nguzo ya taa. Watoto walicheka mpaka wakashika matumbo. Kumbe pale sala husaliwa macho wazi, wote wakitazamana, maana ukifumba macho umejitoa kwenye maombi.

Ungedhani mtu atajifunza hapo. Hakujifunza. Alirudi kwenye mabenchi yake.

Yalipokamilika yalikuwa mazuri, hilo hata Mama hakulipinga. Marefu, yenye egemeo la juu, mstari nyuma ya mstari, yote yakitazama mbele, na kila mguu umefungwa sakafuni kwa skrubu. Jumapili ya kuyazindua Baba alivaa suti ya kijivu akakaa pembeni ili aone furaha ya watu. Waliingia kwa heshima, wakapapasa mbao, wakamshukuru kwa mikono, wakakaa. Kisha mzee mmoja wa benchi la nyuma akasimama kutoa ushuhuda. Na kanisa zima likageuka. Wengine walipiga magoti juu ya benchi, viwiko kwenye egemeo, migongo wameipa madhabahu. Wafupi hawakuona kitu, wakapanda kusimama juu ya mbao zenye vanishi mbichi. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alihangaika huku na huku, mwishoni akaenda kusimama ukutani. Alipomaliza yule wa nyuma akasimama mwingine wa katikati, na watu wakageuka tena, wakigongana magoti.

Baba alikasirika. Alisema hajawahi kuona watu wasiojua kukalia benchi. Alimwambia yule mwalimu aliyesafiri naye kwamba wanamdharau. Mwalimu akaogopa kumjibu, akaenda kumwita mwinjilisti.

Mwinjilisti alikuja wakati watu wameshaondoka. Hakugombana. Alimshika Baba mkono, akamkalisha benchi la mbele kabisa, mahali pa heshima, akamwonyesha kwa kidole atazame madhabahu. Kisha akazunguka nyuma yake. Baba akakaa. Alisubiri aambiwe kitu, na hakuambiwa kitu. Alisikia ndege juu ya paa, akamsikia mtu anafagia nje. Baada ya muda akachoka akageuka, akamkuta yule mama yuko katikati ya maelezo, mikono inakwenda mbio, uso wote unaongea, na mwalimu amesimama kando machozi yanamtoka kwa kucheka. Yule mama alikuwa amesimulia maisha yake yote, kuzaliwa kwake, ndoa yake, watoto wake, na mgeni alikuwa anaangalia ukuta. Akamgeuza tena Baba atazame mbele. Akaanza tena.

Mara ya pili Baba hakungoja kitu. Alisema alikaa pale, anatazama mbele, na akamwona mama yake. Alimwona kwenye benchi la kwanza la kanisa letu, mahali pa wajane na wazee, ambapo tulimweka kwa heshima ili awe karibu na mchungaji. Watu wanaimba nyuma yake. Watu wanatoa shuhuda nyuma yake. Mchungaji mwenyewe anahubiri ameinamia karatasi. "Nikajua," alituambia. "Siwezi kuwaeleza zaidi. Nilijua mama yangu hakumkasirikia mtu." Alitaka kupanda ndege siku ileile.

Lakini mtu huharibu na kutengeneza palepale. Alichukua bisibisi akafungua kila skrubu aliyoifunga, akaziba matundu ya sakafu, akakata mabenchi marefu yakawa mafupi, akapunguza maegemeo, akayapanga nusu duara. Watu wa kanisa walimsaidia kubeba. Wakati wa kazi hiyo wakamfundisha kuongea. Kidole chake kimoja kilikuwa kifupi, msumeno ulikikata ujanani, kwa hiyo baadhi ya maneno hayakutoka sawa mkononi mwake, na wakamtania kwamba ana kithembe. Alisema utani ule ulimfurahisha kuliko sifa zote alizowahi kupewa kwa kazi yake. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko, alisema, aliyepona ni mgeni.

Simu alipiga kila alipoweza, kwenye ofisi ya kanisa letu, nasi tukapanga foleni. Bibi naye tulimpa zamu yake. Alikishika kile chombo sikioni, akatabasamu, akasema, "Haya mwanangu, Mungu akulinde," akakirudisha. Tukaona amefurahi kuzungumza na mwanawe.

Baba aliporudi kanisa lilimwandalia ibada ya shukrani. Walitaka kusikia tumewasaidia vipi wenzetu. Akasimama pale mbele, akatazama yale mabenchi yake, na Mzee Futi, mtu wa kusali mpaka supu ipoe, akakosa maneno. Akasema alikwenda kufundisha kukaa, na kwamba hakujua kukaa. Kisha akakaa. Mchungaji akasema amina kwa haraka na kuita kwaya.

Nyumbani alikula nasi siku hiyo. Meza yetu ilikuwa ndefu, yeye mwenyewe aliitengeneza alipomwoa Mama. Bibi alikaa kichwani mwa meza, kiti cha heshima, na dirisha lilikuwa upande mwingine nyuma yetu. Baba akamtazama mama yake, kisha akatutazama sisi. Akaondoka kitini, akaenda kusimama nyuma ya Bibi, akainama mpaka macho yake yakawa usawa wa macho ya mama yake. Sisi wote tulikuwa weusi kama vivuli, mwanga ukiwa nyuma yetu, na wale wa mwisho wa meza walionekana nusu shavu. Akatoa futi mfukoni. Mama akaweka kijiko chini, maana aliijua ile futi.

Kesho yake meza ilikuwa uani na miguu juu. Mama alisimama mlangoni amejishika kiuno. "Baba watoto," akasema, "wenzako wanarudi safari na vitenge, wewe umerudi na msumeno." Baba akajibu kwamba vitenge vinachuja. Ilikuwa vita baridi ya siku kadhaa, tukila tumekaa juu ya ndoo, mpaka meza mpya ikaingia ndani kwa kupasua nusu ya fremu ya mlango. Ilikuwa mduara. Mbao za meza ya harusi zote zilikuwamo humo, ungeweza kuzitambua kwa madoa. Kiti cha Bibi kikawekwa kikiwa kimelipa dirisha mgongo, ili mwanga utupige sisi usoni. Na Baba akatoa sheria. Anayetaka kusema agonge meza kwanza, asubiri Bibi amtazame, kisha aseme, mmoja mmoja, bila chakula mdomoni na bila kupiga kelele. Tuliona ni kichaa cha safari.

Bibi akaja kula. Akaitazama ile meza, akaizunguka. Akatafuta kichwa chake, na meza ya mduara haina kichwa. Akamtazama Baba, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu nikasikia sauti yake ya zamani. "Mwanangu," akasema, "umenishusha." Akachukua sahani yake akaenda kula chumbani, na mlango safari hii akaufunga wote.

Sijawahi kumwona Baba amekosa nguvu vile, hata kwenye msiba wa Babu. Alikuwa amevuka nchi, amerudi na jambo moja la maana mkononi, na jambo lenyewe limemfukuza mama yake mezani. Sahani zilibaki zikipoa. Kaka yangu akasema labda turudishe ile ya zamani, na Mama, ambaye ndiye mwenye haki ya kuidai, akamwambia anyamaze. Kisha akamwambia Baba, "Umepima meza. Hujaongea na mama yako. Nenda."

Baba akaenda, na mlango akauacha wazi. Mimi nilijisogeza barazani, sioni haya kusema. Hakusimama mlangoni kama siku zote. Alimgeuza Bibi na kiti chake kiache dirisha nyuma, akavuta kigoda, akakaa mbele yake, magoti karibu yagusane, dirisha likimmulika Baba usoni. Akaanza kumsimulia safari, taratibu, bila kupaza sauti, mdomo wazi na mikono ikisaidia. Aliigiza ndege inavyopaa. Aliigiza mwinjilisti anavyotembea. Bibi alimkazia macho kama mtu anayetunga uzi kwenye sindano. Halafu akamkatiza.

"Ngoja. Kumbe ulikwenda nchi nyingine?"

Miezi yote ile Bibi alijua mwanawe amepata kazi ya mabenchi mahali fulani karibu, na haoni sababu ya kuja kumwona hata Jumapili. Na alimbariki hivyohivyo. Akamsamehe kila siku hivyohivyo, kwa kosa ambalo halikuwepo.

Baba akaendelea kwa mikono. Akasimama, akafumba macho, akainamisha kichwa, akaonyesha anavyongoja amina. Akafumbua jicho moja. Akaonyesha watu wote wamekaa. Bibi akacheka. Alicheka kile kicheko chake cha kwaya, kinachoanzia chini, mpaka Mama akatoka jikoni na mwiko mkononi kuuliza kuna nini.

Hakurudi mezani siku ile, ila siku iliyofuata alikuja. Akakaa. Tukagonga meza. Mwanzoni ilikuwa taabu, kila mtu anagonga, chumvi inaruka. Kaka yangu aligonga akasahau alichotaka kusema. Lakini ukishamngoja mtu akutazame, huwezi tena kusema upuuzi, au ukiusema unausema vizuri. Bibi alianza kuuliza. Fulani ameolewa? Lini? Mbona hamkuniambia? Tulikuwa tumemwambia, tena kwa kelele. Alikuwa na madeni ya habari ya siku nyingi, akayadai moja baada ya jingine, nasi tukalipa. Baba alitufundisha yale maneno ya mikono aliyokuja nayo, na kithembe chake tukakirithi wote.

Ilikuwa Jumapili, baada ya kanisa, tumemaliza kula. Bibi mwenyewe ndiye aliyegonga meza. Aligonga taratibu kwa kidole kimoja, akamtazama Baba.

"Siku ya kumzika baba yako," akasema, "ulisimama pale mbele ukasema maneno mengi. Watu walilia. Na mimi nikalia, kwa sababu wenzangu walikuwa wanalia. Ulisema nini?"

Bibi akaendelea, bila hasira, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika kitu. Alisema yeye hakuwa akisikia tangu zamani, kabla sisi hatujazaliwa. Babu ndiye aliyekuwa akimrudia maneno ya watu. Mahubiri alimrudia njiani wakirudi. Habari za msiba, habari za harusi, maneno ya wageni wakishaondoka, yote alikaa mbele yake akamrudia neno kwa neno. Hata nyimbo za kwaya alimfundisha yeye jioni, kwa kupiga mapigo kwenye meza. Nikakumbuka Babu alivyokuwa akisema jambo, kisha analisema tena, kisha analisema tena, na sisi tukikonyezana kwamba mzee ameanza kusahau.

"Kila kitu alinirudia," Bibi akasema. "Mazishi yake peke yake ndiyo sikurudiwa."

Baba aliinuka. Akabeba kiti chake akakizungusha meza mpaka mbele ya mama yake, akakaa uso wake ukiwa kwenye mwanga. Akapangusa mdomo kwa kiganja. Kisha akaanza, polepole, kurudia yale aliyoyasema kaburini. Alisema walikuwa wamekusanyika kumuaga mtu mpole. Alisema mtu huyu hakuwahi kumpandishia mtu sauti.

"Hapo uliwadanganya," Bibi akasema. "Mimi alinipigia kelele miaka yote ya mwanzo, mpaka alipojifunza kukaa."

Tukacheka, na Baba akacheka huku machozi yanamtiririka mpaka kidevuni wala hayafuti, kwa sababu mikono yake ilikuwa inafanya kazi. Akaendelea. Akasema kuhusu shamba, kuhusu uaminifu wake, kuhusu viatu alivyovaa muda mrefu kuliko mtu yeyote tuliyemjua.

"Mwisho nikasema," akasema, "kwamba asubuhi ile hospitali, wewe ulikuwa umekuja nyumbani kubadilisha nguo. Aliniita niiname. Akaniambia, mwambie mama yako, nimekaa naye nimeshiba. Nikakwambia, Mama. Nilikwambia pale mbele ya watu wote. Nilidhani nimekwambia."

Bibi alimtazama midomo kwa muda, hata baada ya midomo kutulia.

"Alisema hivyo?"

"Alisema hivyo."

"Rudia."

Baba akarudia, neno kwa neno, kwa mdomo na kwa mikono yake yenye kidole kifupi. Bibi akaitikia kwa kichwa, akakunja kitambaa cha mezani akakiweka machoni. Akalia, na safari hii alijua analia nini.